Mgonjwa angani kati ya Lamu na Nairobi: kurudi Manda, kushuka Malindi, kwenda Mombasa au kuendelea?

Ndege ilikuwa imeondoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, yapata dakika 10, taa ya mikanda bado inawaka, pale bibi aliyekaa ng'ambo ya kijia alipoangusha tasbihi yake. Mjukuu akaiokota, akamrudishia. Ikaanguka tena. Mara ya tatu nikamtazama usoni. Pembe ya mdomo, upande wa kushoto, ilikuwa imeshuka. "Mwanangu," alimwambia mjukuu, "mkono umenifia," na maneno yakawa mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Mimi ni muuguzi. Nilifungua mkanda, nikamwendea, nikamtoboa kidole kwa kipima sukari changu: 7.2. Haikuwa sukari basi. Kilikuwa kiharusi. Wakati huo wajomba wawili walikuwa wameshasimama, wanamwita mhudumu: "Turudini! Mrudisheni bibi nyumbani!" Mhudumu akapeleka habari mbele kama alivyopewa, na rubani akageuza ndege.

Tuligusa ardhi baada ya dakika 14. Lakini Manda ni kisiwa, na siku ile ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka chini kabisa. Bibi alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi gatini, akabebwa na vijana wanne kushuka ngazi zilizoota mwani, boti ikavuka, akapandishwa tena upande wa mji. Nilipotazama saa mlangoni mwa hospitali, tangu tasbihi ianguke ilikuwa saa 1 na dakika 10. Picha ya kichwa alikwenda kupigwa Mombasa, kesho yake. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka picha ithibitishe kwamba mshipa haukupasuka. Muda huo ulikuwa umeshapita tangu mchana.

Bibi yu hai. Tasbihi sasa huishika kwa mkono wa kulia. Simlaumu rubani hata kidogo: aliambiwa "turudi", akarudi. Aliyekuwa na la kumwambia ni mimi, nami nilikuwa nimekishika kichwa cha mgonjwa nikidhani kwamba palipo karibu ndipo pa kufika upesi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipiga hesabu za njia hii, na ninawaandikia wenzangu wa Amu, Pate, Siyu, Faza na Malindi wanaosafiri na wazee wao kwenda kliniki za Nairobi. Anayeamua ndege itue wapi ni rubani, wala si daktari wala jamaa. Ila rubani haoni mgonjwa. Huamua kwa maneno anayoletewa, na maneno hayo huyatoa wewe.

Pima kutoka kiti cha ndege hadi kitanda cha hospitali

Kwa mstari ulionyooka, Lamu hadi Nairobi ni kama kilomita 470. Lamu hadi Malindi ni kama 140, Lamu hadi Mombasa kama 245. Ndege za propela zinazobeba watu 37 hadi 70 huenda kilomita 450 hadi 500 kwa saa. Hesabu nitakazotoa hapa nimezipiga mwenyewe kwa masafa hayo, na siku yenye upepo au foleni zitasogea. Lakini zinatosha kulinganisha.

Kuna jambo ambalo abiria wengi hawalifikirii. Ndege haishuki kama nazi iangukavyo. Ikiwa futi 20,000 juu, huhitaji kama kilomita 110 za kwenda mbele ndipo ishuke kwa utaratibu wa kawaida. Uwanja unaouona chini ya dirisha lako si lazima uwe ndio utakaofikiwa upesi.

Tuchukue pale bibi alipougua, kama kilomita 65 kutoka Manda. Kurudi ni dakika 12 hadi 15 angani. Kwenda Malindi kutokea hapo ni kama kilomita 125, yaani dakika 20 na zaidi kidogo. Ukitazama ramani tu, Manda imeshinda. Sasa ongeza safari ya ardhini. Uwanja wa Malindi uko bara, ukingoni mwa mji. Gari la wagonjwa lililoitwa mapema na mnara wa kuongozea ndege husogea karibu na ndege, na kutoka hapo hadi hospitali ya serikali au Tawfiq ni dakika kama 10 za lami. Jumla, kiti hadi kitanda, dakika 35 hadi 40. Manda, maji yakiwa yamejaa na boti ikisubiri, ni dakika 45. Maji yakikupwa, umeshaona saa yangu ilivyosema. Malindi iko mbali karibu mara mbili, na bado inafikisha mgonjwa mapema zaidi.

Hilo lilinichukua muda kulikubali, kwa sababu moyo wa mtu ukishtuka hutaka nyumbani. Manda ina nafasi yake: mtu akizidiwa ndege ingali ardhini, au magurudumu yanapoinuka tu, au kwa ugonjwa ambao dripu na mapumziko vitautuliza, na hospitali ya King Fahd, ng'ambo ya pili mjini Lamu, hilo inalijua vizuri. Pia kama boti ya wagonjwa imeshafika gatini na maji yamejaa. Nje ya hapo, nisingeiomba.

Endelea na safari. Ndege hukata Mto Tana kati ya Garsen na Hola, na kama umekaa dirishani utauona ukijipinda, kahawia kati ya mistari miwili ya kijani, na pande zote nyika kavu. Hapo uko kama kilomita 100 kutoka Lamu. Malindi iko kilomita 130, Mombasa 225, Nairobi 365. Mtoni hapo Malindi bado ndiyo ya karibu kwa anayehitaji mlango wa hospitali sasa hivi.

Dakika 16 hadi 18 baadaye mambo yamebadilika kabisa. Katikati ya njia, juu ya nyika ya kaskazini mwa Tsavo, Malindi iko kama kilomita 210, Nairobi 235, Mombasa 260. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni dakika 6 au 7 angani. Viwanja vitatu, umbali karibu mmoja. Basi hapo usitazame tena masafa, tazama hospitali, na kwa moyo na ubongo hiyo ni Nairobi. Kuanzia hapo kwenda mbele sioni sababu ya kugeuka, ila hali ya hewa ikifunga mlango.

Nairobi yenyewe ina milango miwili, yaani viwanja viwili vya ndege. Wilson iko jirani na Kenyatta na hospitali nyingine kadhaa, njia ni fupi ingawa foleni ya jioni inaweza kuifanya ndefu. JKIA iko mbali zaidi, lakini tangu Expressway ifunguliwe 2022 gari la wagonjwa halilazimiki tena kukwama Barabara ya Mombasa. Kama una nafasi ya kuchagua tiketi kwa ajili ya mgonjwa wa moyo, mimi huchagua Wilson.

Mombasa ndiyo ninayoona inasahaulika. Njia yake ya kurukia ina mita 3,350 na hupokea hata jeti kubwa za abiria, ilhali ya Malindi ni kama mita 1,400, inayotosha propela lakini si jeti kubwa za abiria. Ukiwa ndani ya jeti, Malindi iondoe kwenye hesabu. Mombasa ina Coast General, ile watu huiita Makadara, ina Aga Khan, ina vyumba vya wagonjwa mahututi na CT skani, mashine ya ile picha ya kichwa. Ubaya wake ni kwamba uwanja uko bara na hospitali hizo ziko kisiwani, na katikati kuna Changamwe na Makupa. Kutoka pale tulipogeuka na bibi, Mombasa ilikuwa kama dakika 35 angani, kisha nusu saa hadi dakika 45 barabarani. Saa 1 na robo, tuseme. Karibu sawa na tulivyotumia kumfikisha mjini Lamu, ila mwisho wa njia angekuwa kwenye picha ya kichwa siku ileile, na saa 3 za dawa zikiwa bado mkononi.

Ugonjwa ndio unaochagua

Utafiti mkubwa wa magonjwa ya angani uliochapishwa 2013 katika New England Journal of Medicine ulihesabu dharura 11,920 katika mashirika 5 ya ndege. Ilitokea dharura 1 kwa kila safari 604. Waliozirai au kukaribia kuzirai walikuwa asilimia 37.4, matatizo ya kupumua asilimia 12.1, kichefuchefu na kutapika 9.5, moyo 7.7, degedege na kifafa 5.8. Ndege ilibadilishwa njia kwa asilimia 7.3 tu ya dharura hizo. Maana yake ni kwamba walio wengi wanahitaji kulazwa chini, kupewa hewa na kuzungumziwa kwa upole, wala hakuna haja ya kumgeuza rubani. Hao nitawapita haraka.

Aliyezirai: mlaze, inua miguu, legeza buibui shingoni au vifungo vya kanzu. Akizinduka ndani ya dakika moja au mbili, anajua jina lake na kifua hakimbani, endeleeni.

Sukari iliyoshuka ninaikuta zaidi kuliko yote katika njia yetu, na nadhani ninajua kwa nini. Mzee ameambiwa asile mpaka apimwe damu Nairobi. Ameamka alfajiri, amechoma insulini yake kama kawaida, amevuka kwa boti, ndege imechelewa saa mbili. Angani anatoka jasho la baridi, mikono inatetemeka, anamjibu mwanawe kwa ukali usio wake. "Mato yaniingia kiza," mzee mmoja wa Shela aliniambia hivyo, na kipimo kilikuwa 2.9. Nusu kikombe cha soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Alifika Nairobi akiuliza chai. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni. Na kwa wazee wanaofunga Ramadhani, msafiri na mgonjwa wote wawili wamepewa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Nawaomba wanao na wajukuu wawakumbushe kabla ya safari, kwa adabu, maana wazee wetu huona haya kuitumia ruhusa hiyo.

Kifafa: usimshike, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Kikikoma ndani ya dakika 5 na anarudi taratibu, mara nyingi hakuna haja ya kugeuka. Kikipita dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, hiyo ni dharura ya mlango wa karibu.

Mlango wa karibu, yaani Malindi kabla ya katikati ya njia, ninauchagua kwa magonjwa manne: pumu isiyosikia dawa ya kuvuta, mzio unaofunga koo, mama mjamzito anayetoka damu, na kifafa hicho kisichokoma. Haya yanatibika kwa dawa na mikono ambayo hospitali ya Malindi inayo, na kila dakika inahesabika. Kwa pumu kuna faida nyingine: Malindi iko usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu, na hewa yake yenyewe ni nyepesi. Mtu anayehangaika kuvuta pumzi, au mwenye selimundu aliyeanza maumivu, ni bora awe pwani penye hewa nzito zaidi.

Kiharusi na maumivu ya kifua havitaki mlango wa karibu, vinataka mlango wenye vifaa. Kiharusi kina saa 4 na nusu, na saa hizo zinakuruhusu kwenda Mombasa au Nairobi, lakini hazikuruhusu kusimama mahali pawili. Kosa letu na bibi lilikuwa hilo la kusimama kwanza. Maumivu ya kifua yanayobana kama mtu amekalia mbavu, yakienda shingoni au mkononi, na jasho, ndivyo hivyo: kama ana fahamu na anapumua, Nairobi ikiwa katikati ya njia imeshapitwa, Mombasa kabla ya hapo. Akiwa hana mzio wa aspirini wala vidonda vya tumbo vinavyotoka damu, atafune miligramu 300. Ila kwa anayeonekana kupooza upande mmoja usimpe aspirini, hujui kama mshipa umeziba au umepasuka.

Moyo ukisimama, hakuna uwanja ulio karibu vya kutosha. Uhai hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita bila kushtuliwa moyo, na hata Manda ukiiona dirishani ni dakika 10. Ni mikono iliyo ndani ya ndege: katikati ya kifua, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mkipokezana. Na mashine ya kushtua moyo, ikiwa ipo. Si kila ndege inayo, kwa hiyo ninauliza ninaponunua tiketi, na jibu lake limewahi kunibadilishia chaguo.

Hapa kuna jambo ambalo ufupi wa safari hutuficha. Sanduku kubwa la dawa, lile la kutumiwa na daktari, kanuni za kimataifa zimelifungamanisha na safari zinazozidi saa 2. Safari yetu ni dakika 70 hadi 90. Utakuta sanduku la huduma ya kwanza: bandeji, glovu, vitu vya kidonda. Dawa ya pumu, ya kifua, ya mzio, ni ile iliyo kwenye mkoba wako. Si kwenye sanduku lililopakiwa chini, bali kwenye mkoba ulio magotini.

Ndege ndogo au kubwa?

Wengi huniambia, "Mama ana pumzi fupi, tumpakie kile kindege kidogo, hakipandi juu sana." Ni kinyume chake. Ndege kubwa ya propela hupanda futi 20,000 au zaidi, lakini ndani imefungwa na kujazwa hewa, kiasi kwamba mapafu huhisi kama yako juu ya mlima usiozidi futi 8,000. Cessna Caravan haijazwi hewa. Ikienda futi 12,000, nawe unapumua hewa ya futi 12,000, ambayo oksijeni yake ni chini ya theluthi mbili ya ile ya gatini Lamu. Kwa mwenye moyo mkubwa, mapafu yaliyochoka au damu pungufu, tofauti hiyo anaihisi kwenye midomo.

Kisha kuna watu. Ndege yenye viti 19 au pungufu kwa kawaida haina mhudumu. Kuna marubani mbele na nyinyi nyuma. Kumlaza mtu katikati ya viti haiwezekani, paa li chini, na anayekandamiza kifua anafanya hivyo amejikunja. Katika utafiti ule nilioutaja, daktari alipatikana miongoni mwa abiria kwa asilimia 48 ya dharura, lakini hizo zilikuwa ndege za mamia ya watu. Kwa abiria 12, usitegemee bahati hiyo.

Ndege ndogo inashinda kwa kitu kimoja: husikika. Unamgusa rubani bega, unamwambia mwenyewe, na anaweza kushuka futi 2,000 au 3,000 mara moja ili hewa iwe nzito. Hilo liombwe pia kwenye ndege kubwa, kwani ikishuka, hewa ya ndani nayo huongezeka. Ni ombi ambalo rubani anaweza kulikubali bila kubadili safari, na watu wachache hulijua.

Neno kwa wauguzi wenzangu: kifaa cha masikio cha kusikilizia mapigo hakifai kitu humo. Propela inameza kila sauti. Pima presha kwa kushika mshipa wa mkono, uachilie hewa mpaka pigo lirudi chini ya kidole, uandike namba ya juu peke yake. Tazama kifua kinavyoinuka. Kipimo cha kidole kitakuonyesha 91 au 92 kwa mtu mzima mwenye afya akiwa angani, kwa hiyo usishtushwe na namba hiyo peke yake, linganisha na kidole chako.

Na wasiofaa kupanda ndege ya abiria kabisa?

Aliyepata shambulio la moyo asiruke kabla ya siku 7 hadi 10 hata kama anajisikia vizuri. Kiharusi, siku 10. Aliyepigwa plasta ya mfupa, angalau saa 24 kwa safari fupi kama hii, kwa sababu mguu huvimba ndani. Mwenye mimba aulize barua ya daktari kuanzia wiki ya 28. Wageni na vijana wa Malindi na Watamu wanaozamia kwa mitungi wakae saa 24 kabla ya kupanda.

Kwa hao njia ni mbili. Barabara, kutoka Mokowe kupitia Hindi, Witu na Garsen hadi Malindi, ni kama kilomita 220, na Mombasa ni 120 zaidi. Lami imeifanya kuwa safari ya mchana mmoja. Faida yake kwa mgonjwa ni kwamba hewa ni ileile ya pwani, gari husimama ukitaka, na Malindi iko njiani. Ubaya ni saa nyingi za kukaa, vizuizi vya usalama, na kwamba kati ya Witu na Garsen ukizidiwa huna pa kukimbilia upesi. Kwa mwenye pumzi fupi aliyetulia anayekwenda kliniki ya Mombasa, mimi huchagua barabara bila kusita. Kwa mwenye kifua kinachouma, hapana.

Njia ya pili ni ndege ya wagonjwa. AMREF Flying Doctors, walioanza 1957 na wenye makao Wilson, huja na machela, oksijeni, mashine ya kupumulia na wauguzi waliofunzwa kazi hiyo. Ukiilipia papo hapo ni mamia ya maelfu ya shilingi. Kwa uanachama wao wa mwaka gharama huwa ndogo mno kulinganisha, na familia zenye wazee wawili watatu Lamu ningezisihi zichangishane. Lakini ndege hiyo nayo hutoka Nairobi kuja, kwa hiyo si jibu la dakika 30. Ni jibu la mgonjwa aliyekwisha kutulizwa hospitalini anayehitaji kwenda mbali akiwa amelala.

Maneno ya kumpelekea rubani

Siku ya bibi, maneno yaliyofika mbele yalikuwa "bibi anaumwa, turudi." Yangekuwa hivi: "Mwanamke, miaka 70 na kitu. Uso na mkono wa kushoto vimelegea ghafla, saa 3 na dakika 40. Ana fahamu, anapumua vizuri. Sukari ni ya kawaida. Ni kiharusi. Anahitaji CT skani ndani ya saa 4. Naomba Mombasa au Nairobi, na gari la wagonjwa lisubiri." Sentensi hizo ni za sekunde 20. Rubani akizipata huwaita wa chini, nao huita gari, na ndege inapogusa ardhi mlango wa gari umeshafunguliwa. Mweleze mhudumu akuandikie au andika mwenyewe nyuma ya tiketi, kwa maana habari ikipita midomo mitatu hupungua.

Na iseme kabla ya mlango kufungwa pia, kaunta, ukikata tiketi. Watu wetu huogopa kwamba mzee atakataliwa. Mashirika yana fomu ya daktari ya kuthibitisha kuwa mtu anafaa kusafiri, na aliyeijaza hupewa kiti cha mbele, kiti cha magurudumu, na mhudumu anayejua jina lake tangu mwanzo. Aliyeficha hupata kiti cha nyuma.

Mamangu ana kisukari na presha, na kliniki yake ni Jumatano ijayo. Tiketi nimekata ya ndege kubwa ya propela inayotua Wilson, kiti cha kijiani mstari wa pili. Damu atapimwa hukuhuku Lamu siku mbili kabla, ili asafiri ameshakunywa uji na kula mkate wake. Mkobani ana soda ndogo, kipima sukari, dawa za siku tatu na kadi niliyoandika kwa wino mweusi: jina, miaka, magonjwa, dawa, mzio, namba yangu. Nimetazama na maji: Jumatano ni maji mafu, hayatakupwa sana, na ngazi za gati zitapandika.